Fundi Herufi na Rangi Isiyofunika

Ukitaka kunyolewa mtaani kwa fundi huyu, chagua kibanda chochote. Mlangoni utakuta kichwa cha mwanamume kimechorwa, kimenyolewa kikanyoleka, kinatazama pembeni kama mtu aliyeitwa na mkwewe akajifanya hasikii. Nenda kibanda cha pili, kichwa ni kile kile. Nenda cha tatu, masikio ni yale yale. Kichwa hicho hakikuwa cha mtu yeyote aliyewahi kuishi. Kilikuwa kazi ya Fundi Herufi, na alikuwa amekichora mara nyingi mno hata mkono wake ukakijua kuliko ulivyoijua njia ya mdomoni.

Lakini vichwa sivyo vilivyompa jina. Jina alipewa na herufi. Bwana huyu alisimama mbele ya ukuta mtupu, bila rula wala uzi, akaanza herufi ya kwanza huku, akamaliza ya mwisho kule, na neno likaenea ukuta mzima kama shuka lililotandikwa na mtu mwenye adabu. Wachoraji wenzake walifika katikati ya neno wakagundua nafasi imekwisha, wakaanza kubananisha. Yeye hakuwahi kubananisha. Bucha, duka la dawa, shule ya watoto wadogo, gari la kubebea majeneza, vyote vilisomeka kwa mkono wake. Waliomwonea wivu walisema hata marehemu walikuwa wanachagua kusafiri katika gari aliloliandika yeye.

Rangi yake ilikuwa ile nzito ya kopo, rangi ya mafuta, inayeyushwa kwa thina mpaka ikubali kuteleza. Thina inanuka mpaka kwenye meno, lakini rangi yenyewe ina ukarimu mmoja mkubwa: inafunika. Ukikosea, ngoja ikauke, pitisha nyingine juu, hakuna atakayejua. Chini ya ng'ombe wa bucha moja kulikuwa na ng'ombe mwingine mwenye miguu mitano, na mwenye bucha hadi leo anakata nyama yake bila habari.

Kikohozi kilianza kama mgeni wa kupita. Kikaja asubuhi, kikaondoka. Kisha kikaja asubuhi kikakaa mpaka mchana, na mwishowe kikahamia kabisa na mizigo yake. Alipoanza kusimama katikati ya ngazi kwa sababu pumzi imegoma kupanda naye, mkewe hakumwuliza tena kama angependa kwenda kumwona daktari. Alimshika mkono wakaenda.

Daktari aliiweka picha ya kifua mbele ya taa akaitazama kwa muda usiopendeza.

"Mzee, mapafu yako yamechoka. Hiyo rangi na hiyo thina, basi. Sisemi upunguze. Nasema uache."

"Na nikivaa kitambaa puani?"

"Ukivaa kitambaa, utakufa umevaa kitambaa."

Mkewe alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, mwanamke wa maneno machache, kwa kuwa siku nzima alikuwa katikati ya mvuke na mashine na hakukuwa na mtu wa kumsikia hata angesema. Siku ile alisema machache zaidi. Walipofika nyumbani alikusanya makopo yote yaliyokuwa chini ya kitanda na nyuma ya mlango, akayapanga barazani.

"Baba watoto, kibanda chako cha kuchorea mpe mdogo wangu. Kazi umemfundisha mwenyewe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Mimi sina koleo lingine."

"Utatafuta. Ila ukirudi kwenye haya makopo, mimi sitakuzika kwa machozi. Nitakuzika kwa hasira."

Basi shemeji akachukua kibanda, na Fundi Herufi akakaa nyumbani. Watoto wao walikuwa wameshaoa na kuolewa, kila mmoja na mlango wake, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumsumbua isipokuwa vyombo. Alipanga sufuria kwa ukubwa. Alimweleza mkewe namna bora ya kuanika nguo, mkewe ambaye nguo ndiyo kazi yake. Mume wa kushinda nyumbani ni kama kabati lililowekwa katikati ya chumba: si baya, lakini kila anayepita analigonga. Na usiku vidole vyake vilikuwa vikiandika juu ya shuka, neno hili na lile, naye hakujijua.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyemtajia darasa. Katika chumba cha nyuma cha maktaba kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke, aliyewafundisha wastaafu wenzake kuchora kwa rangi za maji. Hazina thina, hazina harufu, unayeyusha kwa maji ya bomba.

"Si hizo za watoto wa chekechea?" Fundi Herufi aliuliza.

"Nenda kaone," muuguzi alisema, "ukirudi utaniambia nani mtoto."

Alikwenda akiwa amevaa shati lake la kwendea harusi, maana moyoni alijua kwamba yeye si mwanafunzi, ni fundi aliyekuja kuwasalimu wanafunzi. Mwalimu alimpa karatasi nene iliyobandikwa kwa utepe juu ya kibao, kisanduku kidogo cha rangi, brashi laini, na kikombe cha maji. Akamwambia aipake karatasi yote rangi ya buluu, kutoka juu mpaka chini, pasiwe na mstari.

Buluu tu! Alikuwa amewahi kupaka basi zima buluu. Akachovya, akapitisha. Rangi ikatembea, ikamkimbia, ikajikusanya chini. Akarudi juu kuirekebisha. Pale aliporudi pakatoka doa lenye kingo za mikunjo kama ukurutu. Akapitisha brashi juu ya doa ili alifunike, na doa likazaa doa. Alipoinua kichwa, jirani yake, mkunga mstaafu ambaye tangu azaliwe hakuwa ameshika brashi isipokuwa ya viatu, alikuwa amemaliza mbingu safi kabisa na anajifuta mikono kama aliyekwisha kukata kitovu.

"Usirudi nyuma, mwenzangu," Mwalimu alimwambia. "Maji yakimwagika hayazoleki. Hapa pia."

"Mimi nimezoea kurudi, Mwalimu."

"Naona."

Akaapa hatarudi tena pale. Wiki iliyofuata akarudi, kwa sababu nyumbani hakukuwa na sufuria iliyobaki ya kupanga, na kwa sababu yule mkunga alikuwa amemkera. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akaoga, na yalikuwa ya baridi.

Kila alichokijua kilikuwa adui yake. Alibonyeza brashi kama anapaka mbao, nywele zake zikatanuka. Alichukua rangi nyingi na maji kidogo, ikakaa kwenye karatasi kama tope la kiatu. Alichanganya nyekundu na kijani na zambarau akitafuta rangi ya chungu, akapata rangi ya maji ya kudekia. Kubwa kuliko yote, alikuwa akiitafuta nyeupe na hakuiona kisandukuni.

"Mwalimu, yangu imepungua. Nyeupe haimo."

"Haijapungua. Nyeupe ni hiyo karatasi. Panapong'aa, usipaguse."

"Nisipaguse?"

"Paache kabla hujaanza. Ukishapapaka, pamekwenda."

Fundi Herufi aliitazama karatasi kama mtu aliyeambiwa ajenge nyumba kwa kuanza na madirisha. Katika kazi yake, nyeupe ilikuwa ya mwisho. Unamaliza kichwa cha kinyozi, kisha unadondosha nyeupe kidogo kwenye paji la uso, kikang'aa, mteja akafurahi. Sasa ataachaje mahali tupu na kumwambia mtu kwamba huo ndio mwanga?

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mchora mabango peke yake angeweza kulifanya. Wiki iliyofuata alikuja na kichupa cha dawa ya kikohozi mfukoni. Ndani hakukuwa na dawa. Kulikuwa na rangi nyeupe ya mafuta, aliyoikwangua kwenye kopo moja ambalo mkewe hakuliona. Siku hiyo walikuwa wakichora bilauri ya maji. Mwalimu alipogeuka, yeye akachovya ncha ya brashi kwenye kichupa akadondosha nyeupe juu ya bilauri yake. Ikang'aa vizuri kabisa. Kisha mafuta yakaanza kutembea ndani ya karatasi, duara la manjano likazidi kupanuka, mpaka bilauri ikaonekana kama imewekwa juu ya andazi. Na ile harufu ikainuka chumbani. Kifua chake kikaitambua kabla ya mtu yeyote. Alikohoa mpaka mkunga akamshika mgongo na kumwinamisha, kwa mikono iliyojua kazi.

Mwalimu alikichukua kichupa, akakinusa, akakitoa nje mwenyewe. Aliporudi hakumkaripia. Alimbandikia karatasi nyingine na kumpa kitunguu.

"Anza na pale panapong'aa," alisema. "Pazungukie tu."

Sijui kama ni aibu au uchovu, lakini siku ile mkono wake ulikuwa mnyonge, na mkono mnyonge ndio maji yalioutaka. Alikitazama kitunguu. Mwanga wa dirisha ulikuwa umetua ubavuni mwake, kipande kidogo chenye pembe. Akakizunguka. Akaweka rangi ya kahawia nyepesi, ikakimbilia chini yenyewe, akaiacha ikimbie. Mahali pawili ilimtoroka na kutoka nje ya mstari; aliuma meno asirudi. Ilipokauka, pale juu ya karatasi palikuwa na kitunguu, kidogo, kimepinda, na kinang'aa.

Alikibeba nyumbani kifuani, chini ya shati, mvua isikione. Mkewe alikishika kwenye kingo, akakipeleka dirishani, akakirudisha.

"Kinataka kukatwa," alisema.

Akakibandika ukutani juu ya jiko. Fundi Herufi alikula chakula chake usiku ule akikitazama, na mkewe akijifanya haoni kwamba anakitazama. Alikuwa na furaha, furaha ya kitoto, na miezi mingi ilikuwa imepita bila yeye kuwa nayo.

Lau ingeishia hapo, tungesema mambo yamemnyookea. Lakini kitunguu hakimjui mtu, na Fundi Herufi alitaka kuchora watu. Alimkalisha mkewe kwenye kiti siku yake ya mapumziko, akatayarisha maji na rangi na kujikohoza kifundi. Mkewe alikaa wima, mikono magotini, kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Fundi alimtazama mara moja, kisha hakumtazama tena, maana alikuwa na kazi. Mkono ukaondoka wenyewe. Masikio yakakaa mahali pake pa siku zote, paji likakaa, shingo ikageuka pembeni. Alipoona kwamba sivyo, akaongeza rangi. Alipoona sivyo zaidi, akapitisha juu yake. Uso ukawa tope. Alipomaliza, mkewe alisogea kuangalia, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Jamani, baba watoto. Huyu ni yule wa kwa kinyozi, amevaa kilemba changu!"

Akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. Hakuwa na ubaya; ni mwanamke aliyecheka mara chache, na hiki kilikuwa kichekesho kweli. Lakini mumewe alikunja karatasi mara mbili, akaitia motoni jikoni, akaenda kukaa barazani. Ilimuuma. Alikuwa fundi katika mji mzima, na ndani ya nyumba yake mwenyewe amekuwa mchekeshaji.

Shemeji alikuja katika wiki hiyo hiyo. Ibilisi ana mpangilio wake. Alikuwa amepata kazi ya ukuta wa nje wa ghala la saruji, herufi ndefu kuliko mtu, na alikuwa amekwama. Mkewe Fundi alikuwa kazini. Shemeji alihakikisha hilo kabla ya kubisha hodi.

"Shemeji, nimefika katikati ya neno, nafasi imekwisha. Mwenye ghala amesema nikiharibu atafuta yote aende kwa wale wa mabango ya plastiki."

"Umebananisha?"

"Nimebananisha."

"Nilikufundisha nini mimi?"

"Ndiyo maana nimekuja. Mkono wako tu, shemeji. Rangi nitachanganya mimi, huko mbali. Ni nje, kuna upepo. Mwacha asili ni mtumwa, au siyo?"

Angeweza kukataa. Maneno ya kukataa yalikuwapo, yote aliyajua, hata yale ya kitambaa puani. Lakini alikuwa bado anausikia ule mcheko. Kwenye ukuta ule hakuna mtu ambaye angemcheka.

Basi akaanza kwenda. Nyumbani alisema Mwalimu ameongeza siku. Alipanda jukwaa la mbao akiwa amefunga kitambaa usoni, na lazima lisemwe, maana ndio ukweli: alifurahi. Brashi pana ilijaa, rangi ikashika ukuta, ikanyooka, ikafunika. Makosa yote ya shemeji yalizama chini ya nyeupe kana kwamba hayakuwahi kutokea. Herufi zikasimama moja moja, zikapeana nafasi. Watu waliopita barabarani walisimama kumtazama. Jioni alioga kule kule ghalani, akajisugua kwa sabuni ya kufulia, akabadili shati, akarudi nyumbani taratibu akitulia kila penye kivuli. Kifua kilimwambia, naye akakiambia kinyamaze, kesho kutwa tunamaliza.

Alisahau kwamba ameoa mpiga pasi. Shati likioshwa, likakauka juani, likanukia sabuni, utasema limesahau lilikotoka. Liwekee pasi ya moto kwenye kola uone. Mvuke unapopanda, unapanda na kila kitu: jasho la nani, moshi wa jiko gani, manukato ya mwanamke yupi. Mkewe alikuwa amesoma mashati ya mji mzima kwa njia hiyo, akanyamaza. Siku ile alipoweka pasi kwenye kola ya mumewe, thina ikampanda puani. Hakuinua kichwa. Alimaliza kola, akamaliza mikono, akalikunja shati vizuri.

"Leo Mwalimu kawafundisha nini?"

"Mawingu," Fundi alijibu kutoka kitini. "Magumu kweli, mawingu."

"Mawingu yananuka thina?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu ilikuwa na urefu wa meza ya pasi. Alijaribu kusema ameenda kumsalimia tu shemeji. Kisha akasema alishika brashi kidogo. Kisha ikamtoka yote, pamoja na ukuta, pamoja na jukwaa, na sauti yake ikaanza kupanda kana kwamba yeye ndiye aliyekosewa.

"Unataka nikae hapa nichore vitunguu? Kule mimi ni mtu! Hapa nachekwa!"

"Kwa hiyo ni kwa sababu nilicheka?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema." Alichomoa waya wa pasi ukutani. "Wewe kila kitu kwako ni kufunika. Kikohozi ulikifunika. Makopo uliyafunika. Sasa unanifunika mimi, kwa mawingu. Na huyo ndugu yangu nitamshughulikia, usijali."

"Naacha," alisema. "Nakuapia, naacha."

Alikuwa anasema kweli, kwa kiasi ambacho mtu wa namna ile huweza kusema kweli. Lakini neno la mwisho la ukuta lilikuwa limebaki nusu. Alilala akiliona. Neno nusu, mbele ya mji mzima, kwa mkono wake. Kulipopambazuka, mkewe alipokwisha kwenda kazini, alijiambia anakwenda kulimalizia tu, kisha basi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku hiyo hakukuwa na upepo. Joto lilikaa ukutani, na harufu ya rangi ikakaa pamoja nalo. Alikuwa ameinua brashi kuanza herufi nyingine pumzi ilipoingia na kukataa kutoka. Alishika ubao wa jukwaa kwa mikono miwili. Shemeji, aliyekuwa chini akikoroga kopo, aliona brashi ikianguka peke yake, akapanda mbio. Alimteremsha begani. Hilo neno lilikuja kumaliziwa na shemeji baadaye, na likabanana.

Wodini walimvisha barakoa ya hewa, ile ya plastiki yenye mpira nyuma ya kichwa, na mtungi mrefu ukasimama kando ya kitanda ukizomea. Daktari alikuwa yule yule.

"Safari hii umerudi," alisema. "Nyingine sikuahidi."

Mkewe alikuja kila alasiri akitoka kazini moja kwa moja, aproni bado kiunoni. Hakumgombeza, na hilo ndilo lililomtisha. Aliyegombezwa ni ndugu yake, kule kwenye ukumbi, wodi nzima ikasikia, hata mgonjwa wa kitanda cha pembeni akaomba radhi bila kuwa na kosa. Lakini kwa mumewe maneno yalikuwa mawili. Umekula? Umekunywa dawa? Kisha aliketi kwenye benchi la ukutani, akaegemeza kichwa, na usingizi ukamchukua akiwa amekaa hivyo hivyo, mkoba mapajani.

Fundi Herufi alilala chali akitazama dari. Alifikiri mawazo mabaya, na moja lilikuja zaidi ya mengine: kwamba akitoka hapa atarudi ukutani tu, kwa kuwa mtu kama yeye bora afe ameshika brashi kuliko kuishi ameshika kitunguu. Wazo hilo lilimpa amani fulani. Alikuwa karibu kulikubali.

Mwalimu alipita kumjulia hali. Hakukaa sana. Aliacha kisanduku cha rangi na karatasi chache zilizobandikwa kwenye kibao, akasema mkunga anamsalimu. Fundi aliviweka kwenye kabati la kitandani, chini ya taulo, na siku zikapita bila yeye kuvigusa.

Halafu alasiri moja mkewe akalala kama kawaida, na jua la dirisha likamwangukia nusu ya uso. Fundi alikuwa anamtazama kwa kukosa pengine pa kutazama. Akaendelea kumtazama. Kisha akanyoosha mkono taratibu, mtungi usigongwe, akatoa kibao. Maji alitumia yale ya kumezea dawa. Penseli hakuwa nayo.

Mkono ulitaka kwenda kule kule. Alihisi kabisa sikio la kinyozi likija, akauzuia. Sikio la mkewe lilikuwa dogo, limekaa nyuma, na tundu la hereni lilikuwa limerefuka. Kumbe. Akalizungukia paji la uso bila kuligusa. Chini ya jicho palikuwa na kivuli cha kahawia chenye uzito, kama kimetundikwa pale. Akakiweka, kikatiririka kidogo shavuni, akakiacha. Mdomo, alioujua ukicheka kwa kushika mbavu, ulikuwa umeshuka pande zote mbili na kukaa hivyo kama umezoea. Nywele zilizotoka chini ya kilemba zilikuwa nyeupe. Hizo hakuzipaka kabisa. Kwenye kifundo cha mkono palikuwa na alama za pasi, mpya juu ya za zamani, na hakukumbuka kuziona. Alifanya haraka kwa kuwa angeamka wakati wowote, na kwa kuwa wodi ilikuwa na joto na karatasi ilikuwa inakauka mbele yake. Hakukuwa na nafasi ya kurudi popote.

Aliweka brashi chini, na pumzi yake ikatoa ukungu ndani ya barakoa. Picha ilikuwa na doa moja la maji begani na shingo ilikuwa fupi mno. Lakini alikuwa yeye. Katika maisha yake yote hakuwa amewahi kuchora mtu, na huyu alikuwa mtu. Furaha ilimjia, ikafuatwa na aibu.

Mkewe alifumbua macho, akaona kibao, akainuka akajinyoosha mgongo. Alikichukua kwa kingo. Alikitazama muda mrefu, na hakucheka.

"Ndivyo nilivyo hivi?"

Fundi alitikisa kichwa kukubali.

"Tangu lini?"

Alivuta barakoa chini ya kidevu ili aweze kusema. Alitafuta jibu, jibu lolote la kupitisha juu ya lile lililokuwapo, na hakulipata.

"Sijui," alisema. "Sikuwa nakutazama."

Mtungi ulizomea. Mkewe aliiweka picha kitandani, mbali na kikombe cha maji, akairudisha ile barakoa puani mwa mumewe na kuukaza mpira nyuma ya kichwa chake, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Basi tazama," alisema, akarudi kuketi pale pale, kwenye jua.